Buti za Mama Nje ya Mlango

Nyumba nyingi zina siku moja ya wageni. Sisi tunazo mbili, kwa hisani ya dini mbili. Mama ni Mwislamu wa kaskazini mwa Uganda, baba ni Mkristo kutoka magharibi mwa Kenya, na walipooana kila mmoja alihamia na Mungu wake na wageni wake. Ijumaa baada ya swala wanakuja wa mama. Jumapili baada ya kanisa wanakuja wa baba. Katikati ya wiki wanakuja wale ambao dini yao ni chapati. Hilo la mwisho niliwahi kulisema kwa sauti mezani, nikafinywa sikio mpaka likapata moto kuliko hizo chapati zenyewe.

Tunaishi Kampala, kwenye kambi ya polisi. Nyumba zimepangwa mstari mmoja, ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Polisi ni mama. Baba anaendesha pikapu ya tajiri mmoja wa mboga. Anatoka alfajiri kupeleka nyanya na matoke soko la Nakasero na kurudi jioni akinuka vitunguu. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu baba hajui lugha ya kwa kina mama, na mama hataki kujifunza ya kwa kina baba. Anasema ndiyo maana anapatana na mawifi zake.

Watoto tuko wawili wasichana. Mimi niko mwaka wa tatu sekondari. Mdogo wangu ana miaka sita na ana macho ya mkaguzi.

Ukutani sebuleni, chini ya saa, kuna karatasi aliyoiandika mama kwa kalamu nyekundu: ZAMU YA WAGENI. Imepigwa mistari kabisa kama ya kituoni. Kuna kuchemsha chai, kuna kuosha vikombe, kuna kukaa na mgeni, kuna kusindikiza mgeni. Baba yuko sehemu moja tu, kusindikiza, maana yake anatembea na mgeni mpaka getini akicheka. Kwingine kote ni jina langu. Likizo ikifika, jina langu linajaa karatasi nzima kama la mgombea ubunge.

Msidhani kukaa na mgeni ni kukaa tu. Unakaa wima. Hushiki simu. Unauliza habari za nyumbani, za shamba, za mguu uliokuwa unauma, na ukijibiwa unauliza tena kwa njia nyingine. Mgeni akisema "sasa naenda" unasema "mapema hivi?" ilhali moyoni unamfungulia mlango. Mgeni mmoja wa kwaya alikuwa anasema "sasa naenda" mara tano, na kila mara alikuwa anaongeza kikombe.

Mama mwenyewe alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anapika chapati, anajaza chupa mbili za chai, anafunika, anavaa sare, anaondoka. Mlangoni anasema neno lile lile kila siku:

"Mgeni akija akute mtu na akute chai. Mengine nitajua mwenyewe."

"Na mwenye nyumba akichoka?" niliuliza siku moja.

"Mwenye nyumba anachoka jioni, wageni wakishaenda."

"Ndiyo, Afande," nikapiga saluti kwa mwiko.

Alicheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka na mambo yangu ya mlangoni.

Ninyi mtauliza kwa nini mtu anayefanya kazi juani siku nzima ajitese hivyo kwa ajili ya wageni. Sababu ni mtu mmoja. Mama alipokuja Kampala alikuwa msichana mdogo, polisi mpya, buti zinambana, hana ndugu hata mmoja mjini. Wakampa zamu za usiku. Pa kulala mchana hakuwa napo. Mjane mmoja wa kwao, mke wa polisi aliyefariki, alikuwa anasuka na kuuza mikeka mtaa wa Kasubi. Akamwambia, mwanangu, njoo ulale kwangu mpaka upate nyumba. Mama akalala huko mwaka na miezi kadhaa. Akirudi asubuhi anakuta maji ya kuoga na uji. Hakuulizwa ataondoka lini.

Sisi tulimwita Mama wa Kasubi. Mimi nilimwona mara mbili, nikiwa na umri kama wa mdogo wangu, na ninachokumbuka ni mikono yenye harufu ya nyasi kavu.

Sasa likizo iliyopita tulisikia kwamba Mama wa Kasubi anarudi kaskazini moja kwa moja. Magoti yalikuwa yamechoka na mji, na huko kwao wamemjengea nyumba. Siku ya kuondoka haikujulikana. Alikuwa anasema tu kwamba mikeka ikiisha, anapanda basi. Simu hakuwa nayo. Ukimtaka unampigia mpwa wake, ambaye ni utingo wa mabasi ya kaskazini, na simu yake inapatikana pale tu inapopenda yenyewe.

Mama alijaribu kwenda Kasubi mara tatu. Mara ya kwanza waliitwa wote kazini kwa sababu ya msafara wa wakubwa. Mara ya pili mwenzake aliugua, akashika zamu yake. Mara ya tatu alishafika stendi ya boda akapigiwa simu, akarudi kuvaa sare. Siku hiyo aliketi kitandani akamtumia yule mpwa ujumbe wa sauti, na sisi tulimsikia:

"Mwambie mama asiondoke kabla sijampikia. Hata mara moja. Mimi nimekula kwake mwaka mzima, yeye hajawahi kula kwangu. Kama hawezi kunisubiri, aje yeye, siku yoyote. Atakuta mlango wazi."

Kisha akatugeukia. "Mmesikia? Huyo mama akija, hata niwe wapi, nipigieni. Nitaomba ruhusa nije mbio."

Tulisema tumesikia. Na tulikuwa tumesikia, hilo siwezi kulikana.

Kambini kwetu kuna sheria ambayo haijaandikwa popote na ndiyo inayofuatwa kuliko zote zilizoandikwa. Ukiona buti zimewekwa nje ya mlango, visigino vimegusa mlango na pazia limeshushwa, ujue ndani kuna mtu ametoka zamu ya usiku, amelala. Hugongi. Hata kama umeletwa na moto, unaenda kuungua mlango wa pili. Watoto wanahamisha mpira. Mwanamke anayepita na beseni la nyanya kichwani, ambaye sauti yake husikika mpaka mtaa wa Kisugu, akifika kwenye buti anapita kama paka. Mama anasema yeye sheria hiyo aliikuta Kasubi kabla hajaikuta kambini. Yule mjane alikuwa ameizoea tangu siku za mumewe, na ndiye aliyekuwa anachukua buti za mama kila asubuhi na kuziweka nje, ili mtu asimwamshe.

Mnaona ninapoelekea.

Ilianza siku moja ya Ijumaa. Niliosha vikombe ishirini na tatu. Nilipoweka cha mwisho kwenye kichanja, nikasikia "Hodi!" nikatamani kulia. Jumapili yake mama alikuwa kazini mchana, baba kanisani na baada ya hapo ana mkutano wa kamati, nikabaki na mdogo wangu, chupa mbili za chai na chapati kumi na nne. Nikaangalia chini ya kitanda. Mama ana jozi mbili za buti: mpya za kuvaa, na za zamani zilizotiwa kiraka, za siku za mvua. Za zamani zilikuwa pale zimelala na vumbi lake.

Nikazitoa nje. Visigino kwenye mlango. Nikashusha pazia, nikarudisha mlango.

"Unafanya nini?" mkaguzi akauliza.

"Nimempumzisha mama."

"Mama yuko kazini."

"Ndiyo. Anapumzika huko, na buti zinapumzika hapa. Unataka chapati ngapi?"

Akafikiri. "Tatu."

Kwa bei hiyo tukaelewana.

Wanawake wa kwaya walikuja saa nane. Tulichungulia kwenye tundu la pazia la dirisha. Walikuwa wanakuja kwa makelele yao, wakaziona buti, wakanyamaza wote mara moja kama redio iliyokatikiwa umeme. Mmoja akamziba mtoto wake mdomo. Wakageuka wakaondoka kwa ncha za vidole, watu wazima na viatu vya visigino, wakiyumba kama bata kwenye mawe. Mimi na mdogo wangu tulicheka tukiwa tumeuma mto. Sijawahi kucheka hivyo. Kisha nikalala usingizi wa mchana, mtamu, wa kuloweka shavu.

Ijumaa iliyofuata nikafanya tena. Waislamu wanatii buti sawasawa na Wakristo. Nilimwambia mdogo wangu kwamba nimepata kitu kinachounganisha dini.

Chai iliyobaki tuliimwaga kwenye mtaro. Chapati tulikula mpaka tumbo likawa gumu. Jioni mama aliporudi alitikisa chupa, akazikuta nyepesi, akasema, "Leo wamekuja wengi?" nikajibu, "Wa kawaida." Lakini mtu wa polisi huwezi kumdanganya kwa chupa tu. Kulikuwa na watu aliokutana nao njiani, wakampa pole ya zamu ya usiku, naye hakuwa na zamu yoyote ya usiku. Jumatano moja alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni, akasema, kama anaongea na maji:

"Siku hizi watu hawaji kwangu kama zamani. Sijui nimewakosea nini."

Baba akasema, "Wana shughuli, Afande. Dunia ya sasa kila mtu anakimbia."

"Au wameona nimekuwa mtu wa kazi tu."

Mimi nilikuwa nakatakata vitunguu. Niliviinamia sana. Hapo ndipo ningeacha. Mtu mwenye akili timamu angeacha pale, lakini nilijiambia: Jumapili moja tu, ya mwisho, halafu nitawarudishia wageni wao.

Jumapili hiyo ya mwisho mama alikuwa kazini mpaka jioni, na baba kwenye kamati yake. Nilizitoa buti saa saba. Saa nane hivi nilikuwa kitandani na simu, natazama vichekesho, nikasikia nje watoto wanacheza, kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, ya chini sana:

"Shh. Nendeni kule. Kuna mtu analala."

Nikatabasamu. Nilidhani sheria yangu sasa imeshapata hadi askari wake.

Baada ya muda mdogo wangu akaenda dirishani. Akarudi akinivuta kidole cha mguu.

"Kuna bibi nje."

"Anaenda?"

"Amekaa kwenye ngazi."

Nikaenda kuchungulia. Niliona mgongo tu, leso ya kijani kichwani, mabega yameinama mbele yanachezacheza kama ya mtu anayemenya kitu. Miguuni kulikuwa na kifurushi. Nikamchukulia ni mmoja wa wale wa baba, wa kusema "sasa naenda" mara tano, ameamua kusubiri chai mpaka iamke.

"Tumfungulie," mdogo wangu akasema.

"Nyamaza. Akijua tuko ndani, hatoki hapa mpaka Krismasi."

"Lakini ni bibi."

"Bibi ndio wanakunywa zaidi."

Nilisema hivyo. Naandika hapa kwa sababu nimeamua kuandika yote, si kwa sababu bado kunachekesha.

Nikarudi kwa vichekesho vyangu. Yeye akakaa. Nilisikia mara mbili tena ile "shh", mara moja kwa watoto na mara moja, nadhani, kwa kuku. Saa kumi kasoro nikasikia ngazi zimenyamaza zaidi. Nilipofungua mlango hapakuwa na mtu.

Buti zilikuwa pale pale, visigino mlangoni. Ila zilikuwa zinang'aa. Buti za zamani, za kiraka, zilizokuwa na vumbi la miezi, zilikuwa zinang'aa hivi kwamba kwenye ncha ya ile ya kulia niliona mlango, anga, na uso wangu mrefu kama embe dodo. Hata kamba zilikuwa zimepitishwa upya. Pembeni, kwenye kivuli, kulikuwa na kile kifurushi: kikopo cha plastiki kimefungwa kwenye kitambaa. Nikafungua. Ilikuwa odi, ile siagi nzito ya simsim na karanga ya kwao mama. Nikachovya kidole, nikalamba, na hapo ndipo harufu ya kile kitambaa ikanifikia. Nyasi kavu.

Sikutaka kujua. Nilijua, lakini nikajiambia simsim ni simsim, na Kampala imejaa watu wa kaskazini wenye kitambaa. Nikaficha kikopo nyuma ya gunia la makaa. Mdogo wangu alikuwa anatazama. Hakuomba hata chapati.

Mama alirudi saa kumi na mbili. Nilikuwa nimesahau kuziingiza buti. Au niseme ukweli, niliogopa kuzigusa. Aliinama akaokota moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Nani amepiga hizi rangi?"

Kinywa changu kimezoea kutangulia. "Mimi."

"Wewe?"

"Nilikuwa nafanya usafi. Nikazianika."

Alipitisha kidole kwenye ncha, kwa mviringo, polepole. "Yaani umejua kuzungusha hivi, na kitambaa cha maji? Mimi kambi ya mafunzo ilishindwa kunifundisha. Alinifundisha Mama wa Kasubi." Kisha akanishika kichwa, mama ambaye hashiki watu vichwa, akakivuta kwenye sare yake yenye jasho. "Kumbe unakua."

Ningesema pale. Uso wangu ulikuwa kwenye vifungo vyake. Lakini yeye akaendelea, na furaha yake ikaniziba mdomo:

"Na nina habari. Kesho nimepewa ruhusa, siku nzima! Tunapika asubuhi, tunaenda Kasubi sote. Baba yenu atatupeleka na pikapu."

Na mimi nikapumua. Nikafikiri: basi, si atamwona kesho? Huko watacheka, yule mama atasema nilikuja ukalala, mama atasema sikulala, nitafinywa masikio yote mawili, yataisha. Nikajihesabia kwamba hakuna kilichoharibika. Nikala chakula cha jioni nikamaliza.

Jumatatu tulipika kuanzia asubuhi. Mama aliwasha sigiri mbili, ile ambayo baba anaiita jiko na wanabishana juu yake tangu waoane. Samaki mkavu kwenye mchuzi wa karanga. Ugali wa muhogo na mtama. Chapati, kwa sababu mama hawezi kutoka bila chapati. Alivaa gauni la Idi. Aliimba, na mama akiimba inabidi umsamehe. Tukafunga chakula kwenye hotpoti, tukatoka, baba yuko kwenye usukani anapiga honi kama bwana harusi.

Jirani yetu, mke wa polisi wa mlango wa pili, Mganda wa maneno mengi na moyo mzuri, alikuwa anaanika nguo.

"Afande! Leo mumependeza. Munaenda wapi na hotpoti?"

"Kasubi. Kumwona mama yangu."

"Mama gani tena? Si ile mama alikuja jana?"

Mama akasimama. "Jana?"

"Ya leso ya kijani. Alikaa hapa kwa ngazi yako toka saa nane mpaka karibu saa kumi. Mimi nikamwambia, nyabo, mama, ngoja nigonge. Akakataa kabisa. Akasema mutoto wangu amerara, buti ziko nje, musimuguse. Akaomba langi ya viatu, mimi nikampa ya bwana wangu. Akakaa anasugua tu. Akasema mwambie nimempitia, basi yangu ni kesho alfajiri." Akaweka nguo begani. "Bambi, pole, kwani hawakukuambia? Mimi nilijua umebadilisha zamu."

"Jana nilikuwa kazini," mama akasema.

Jirani akatazama mlango wetu, kisha akanitazama mimi, kisha akaanza kuanika nguo ambayo ilikuwa imeshaanikwa.

Mdogo wangu alikuwa ameshika gauni la mama. Alinyanyua macho kwangu, midomo ameibana kabisa, kama nilivyomfundisha. Ingekuwa rahisi zaidi kama angesema.

"Nani aliweka buti nje?"

"Mimi," nikasema. Lilikuwa neno lile lile la jana, mbele ya mlango ule ule.

Baba aliacha kupiga honi. Nikasema yote: Jumapili ya kwaya, Ijumaa, chai ya mtaroni, mgongo niliouona dirishani. Nilitafuta mahali pa kuweka mzaha hata mmoja, hapakuwepo. Nikaingia ndani nikatoa kikopo nyuma ya gunia, nikampa. Mama akafungua. Juu ya ile siagi, palipokuwa pamesawazishwa vizuri na kijiko, kulikuwa na mfereji wa kidole changu.

Aliuangalia ule mfereji muda mrefu. Kisha akamkabidhi baba hotpoti, akakaa kwenye ngazi, hapo hapo, na gauni lake la Idi, akampigia mpwa. Haikupatikana. Akapiga tena. Mara ya nne iliita. Kulikuwa na kelele za injini na upepo, na kijana akapaza sauti kwamba wameshapita zamani ule mto wa kuingia kaskazini, subiri nimpe.

Mama aliweka simu kwenye spika ili asikie juu ya zile kelele. Wao huanza kwa Kilugbara, lugha ya kwao, lakini yule mama, labda kwa sababu ya abiria wa kando, aliongea Kiswahili cha kambi, kile cha zamani:

"Mwanangu! Ulilala?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Mama yangu hasemi uongo. Aliwahi kumwambia mchungaji wa baba usoni kwamba mahubiri yalikuwa marefu. Alifunga macho.

"Nililala, mama."

"Ulilala vizuri?"

"Nililala vizuri sana. Sikusikia kitu."

"Nikasema! Nikamwambia yule jirani yako, huyu alinichosha kwa kulala hata zamani." Kicheko chake kilikuwa na mikwaruzo ya barabara ndani. "Buti zako umeziachia vumbi. Nikasema kama siwezi kumwona, basi nimwachie miguu safi."

"Nimeziona, mama. Zinang'aa."

"Kula odi. Wape watoto."

"Tunakula."

Kisha mtandao ukakata, na mama akaendelea kushika simu mbele ya mdomo.

Chakula tulikula sisi. Baba alimwita jirani na watoto wa mstari mzima, hotpoti ikaisha. Mimi nilisimamia vikombe bila kuambiwa. Nilikuwa najiandaa kwa fimbo. Nilivaa hata suruali mbili, kwa uzoefu. Fimbo haikuja. Baba alinikuta mtaroni nikiosha sufuria, akasimama kidogo.

"Wee msichana," akasema. Nikasubiri. Baba hutoa hotuba za kanisa zima kwa kosa la kuvunja glasi. Safari hii alichukua kitambaa akaanza kunifutia vyombo.

Mama hakuniambia kitu siku hiyo wala kesho yake. Alichofanya ni kuondoa buti nje. Wiki iliyofuata alikuwa na zamu za usiku, za kweli, na asubuhi aliporudi alivua buti akaziingiza ndani, chini ya kitanda, akaacha pazia limefungwa juu na mlango wazi. Nilimwambia, "Mama, niziweke nje?" Akasema, "Hapana. Ziache." Basi watu wakaja. Jirani kuomba chumvi. Mtu wa kuuza mayai. Wanawake wa Ijumaa, ambao sasa waliona mlango wazi wakaingia wote kwa pamoja na habari za mwezi mzima. Kila mara aliamka, macho mekundu, leso imekaa upande, akasema karibu, karibu, mapema hivi? Nilimsikia kila alipoinuka. Kitanda chake kina spring inayolia, na ukuta ni mwembamba.

Siku ya tatu sikuvumilia. Nilitoa kigoda nikakaa kwenye ngazi, chupa ya chai pembeni, chapati kwenye sahani, vikombe kwenye beseni. Akaja mmoja wa kwaya, yule wa mara tano. Nikaweka kidole mdomoni.

"Mama analala. Karibu hapa."

Alitazama huku na huku. "Mbona sioni buti?"

"Leo buti ni mimi."

Alicheka kwa kuziba mdomo, akakaa, nikammiminia. Nikauliza habari za mguu. Tulinong'ona saa nzima kama wezi. Aliposema "sasa naenda" nikasema "mapema hivi?" na nikashangaa kusikia kwamba sikuwa nadanganya sana.

Hilo halijalipa kitu. Najua. Mama wa Kasubi bado hajala kwetu, na magoti yake hayatarudi Kampala. Mama ameomba likizo ya kwenda kaskazini. Amejibiwa asubiri, na anasubiri. Kikopo cha odi kiko juu ya kabati. Tunakula kwa kijiko kidogo kutoka upande mmoja tu, na ule mfereji wa kidole changu hakuna anayeugusa.

Jumamosi jioni nachukua buti zake, za zamani na mpya, nakaa kwenye ngazi na rangi na kitambaa na maji. Nazungusha kidole kama mama alivyozungusha. Nazungusha mpaka mkono unakufa ganzi. Zinakuwa safi, zinakuwa nyeusi, lakini uso wangu ndani yake sijawahi kuuona tena. Mama hutoka, huichukua ya kulia, huigeuza kwenye mwanga.

"Bado," husema, na kunirudishia.

Halafu huvuta kigoda, hukaa karibu nami, na kunionyesha tena pa kuanzia.